Maziwa ya Mtoto Mmoja

Mlioniacha Uyole juma lililopita mnaikumbuka hali yangu. Mume wangu, Andendekisye, alikuwa kwenye migodi ya shaba kule Rhodesia. Mimi Lusia, binti wa Kihehe wa Kalenga, nilibaki peke yangu katika nyumba yake kando ya barabara kuu, na pacha wa miezi minne: Anania na dada yake, Damari.

Titi la kushoto lilipata jipu, likapasuliwa, likakauka. La kulia lilitosha kumtuliza mtoto mmoja tu, wala si kumshibisha. Mengine yote ilibidi yatoke kwenye kopo.

Na jirani hawakuja. Kwa wazee wa kwao mume wangu, wazazi wa pacha hawasogelewi mpaka wafanyiwe dawa, maana anayewasogelea huvimba miguu. Sisi tulikuwa watu wa kanisa. Mchungaji alisema dawa hiyo tusifanye, nasi hatukufanya. Basi nikabaki katikati. Kanisani nilisifiwa, njiani nilikwepwa.

Sasa yasikilizeni yaliyofuata.

Kopo la maziwa ya unga, dukani Mbeya, lilikuwa shilingi nne na thumuni. Kwa mtoto mmoja lingekaa juma zima. Kwa wawili, nikilifungua Jumatatu, Alhamisi nilikuwa nakwangua chini.

Nilikuwa nauza viazi kando ya barabara. Wanunuzi wangu walikuwa watu wa malori, wasionijua. Wenyeji walinipita, wakanunua kwa mama aliyekaa mbele kidogo. Siku ya malori mengi nilipata kopo. Siku ya mvua nilirudi na viazi vyangu, nikavipika, nikavila mwenyewe, bila hata mtu wa kuniambia vimekosa chumvi.

Hapo ndipo nilipoanza kupunguza.

Chupa moja ilitaka vijiko vinne vya kupimia, vimesawazishwa kwa kisu. Nikaweka vitatu. Watoto wakanywa. Juma lililofuata nikaweka viwili, nikajazia maji ya mchele ili ule weupe usipotee.

Weupe ule ulinidanganya mimi mwenyewe niliyeutengeneza.

Damari akaacha kulia.

Nikamshukuru Mungu. Nikasema, huyu binti ameiona shida ya mama yake. Anania ndiye aliyelia mpaka sauti ikakauka, kwa hiyo titi nikampa yeye. Aliyelia akanyonya. Aliyenyamaza nikamwachia chupa.

Siku ya kliniki nesi Matilda alimweka Anania kwenye mizani, akaandika. Akamweka Damari. Akamtoa, akamrudisha tena, kana kwamba mizani imekosea.

"Unampimia vijiko vingapi?"

"Vinne."

"Mama Anania, niangalie. Vingapi?"

"Vitatu."

Akaningoja.

"Viwili," nikasema.

Nilitegemea atanifokea. Angenifokea ningepumua. Badala yake alivuta kigoda, akakaa karibu yangu, magoti yake yakagusa yangu. Ilikuwa zamani sana tangu mtu mzima anikaribie namna ile.

"Huyu halii, siyo?"

"Halii kabisa, nesi. Ni mpole."

"Si mpole. Amechoka. Mtoto hulia akiwa na nguvu za kulia. Huyu zimemwishia."

Nilimtazama Damari. Alikuwa ananitazama kwa macho makubwa, ametulia tuli.

"Nifanyeje?"

"Vijiko vinne, bila kupunguza. Na titi uanze na yeye."

"Na kopo likiisha?"

"Huna mtu?"

Swali dogo tu. Nikatafuta jina la kumjibu. Nikalikosa.

Niliporudi nyumbani, nilimkuta Tupokigwe amesimama uani.

Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, aliyeolewa Tukuyu. Tangu nijifungue hakuwa amekanyaga kwangu. Mkononi alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu makopo matatu mapya.

"Ugonile, wifi," akanisalimu.

Nililia. Msidhani ni kwa ajili ya makopo. Ni kwa kusikia mtu ananiita wifi, mlangoni pangu.

"Karibu ndani."

"Hapa panatosha."

Aliweka kikapu chini, akarudi nyuma mpaka kwenye wigo, ndipo nikakisogelea.

"Mmepata wapi hela zote hizi?"

"Ndugu tumechanga."

"Na mume wangu? Niliomba mumwandikie kwamba nimejifungua."

"Tulimwandikia."

"Akasemaje?"

"Alifurahi." Alisema hivyo akiangalia barabara.

Nikataka kuuliza zaidi. Akanikatiza.

"Wifi, nimekuja na neno. Makopo haya kwa watoto wawili ni siku chache. Kwa mtoto mmoja utakaa nayo. Nipe mmoja nikamlee. Nina ng'ombe, nina mabinti wa kunisaidia."

Hesabu hiyo mimi pia nilikuwa nimeipiga. Niliipiga kila nilipoosha chupa. Lakini nilipoisikia inatoka kinywani mwa mtu mwingine, nilirudi nyuma hatua moja.

"Ungemchukua nani?"

"Anania."

"Kwa nini si Damari? Damari ndiye mgonjwa. Yeye ndiye wa kusaidiwa."

"Ndiyo maana," akasema polepole.

Nikamtazama. Hakukwepa macho yangu.

"Usiniangalie hivyo, Lusia. Mama yetu alizaa pacha, mimi nikiwa binti wa kubeba maji. Niliiona miguu yake. Ilivimba mpaka ngozi ikang'aa. Hakumaliza mwezi, na watoto wakamfuata. Wewe kwenu mnacheka mkisikia habari hizi. Mimi nilimwosha kwa mikono hii."

"Sicheki."

"Sina chuki na watoto wako. Ila siwezi kuwaona wamelala pamoja."

"Nipe muda nifikiri."

"Jumapili baada ya ibada nitakuja na baba mkubwa. Hatutakuja kuuliza tena, wifi. Tutakuja kuchukua."

Akaondoka. Hakuniambia kwaheri, lakini alipofika barabarani aligeuka, akasimama kidogo. Mpaka leo sijui alitaka kusema nini.

Msidhani nilikuwa jasiri. Siku mbili nzima, moyoni nilikuwa nimeshamtoa Anania. Nilimfulia nguo zake, nikazikunja. Nikajiambia atakunywa maziwa ya ng'ombe, atanenepa, na Damari atapata kopo zima na titi zima. Kila kitu kilikuwa sawa.

Kisha nikawalaza. Damari, ambaye hakuwa na nguvu hata ya kulia, alinyoosha mkono, akashika sikio la kaka yake, akalala.

Ijumaa asubuhi nikasimama barabarani, mmoja mgongoni, mwingine kifuani, na mfuko wa makopo mkononi.

Lori la kwanza kusimama lilikuwa la Marcelino, dereva wa Kingoni aliyezoea kununua viazi vyangu.

"Leo huuzi?"

"Leo nasafiri. Nipeleke Iringa."

"Nauli?"

"Sina. Nina koti."

Lilikuwa koti zito la mvua la mume wangu. Marcelino akashuka, akalivaa, akanyoosha mikono kupima mabega.

"Mwenye koti yuko wapi?"

"Mbali."

"Na hao? Wote wawili wako?"

Nikajikaza kungojea arudi nyuma. "Wangu. Pacha."

"Kwetu Songea mama wa pacha hukaa mbele," akasema, akanifungulia mlango. "Panda."

Tulishuka milimani, baridi ya Uyole ikabaki nyuma. Tulipokaribia Igawa joto lilikuwa limetushika, na lori nalo likachemka. Marcelino akaegesha, akafungua boneti, mvuke ukamfukuza.

Chupa ya maji yaliyochemshwa nilikuwa nimeimaliza njiani. Damari akaanza kutafuta kwa mdomo. Anania akaanza kulia.

Nilikuwa na maziwa, sikuwa na maji. Kwa miezi minne nilikuwa nimelia kinyume chake.

Pembeni palikuwa na kopo la bati lenye maji, ambalo Marcelino aliliweka tayari kwa rejeta. Nikainama kuchota.

"We mama! Hayo maji unampa nani?"

Alikuwa mama wa Kisangu, anauza chai kwenye kibanda cha nyasi.

"Watoto."

"Yaweke chini hayo. Yametoka mferejini wanakonywa ng'ombe."

Akabandika sufuria yake jikoni, akapuliza moto. Maji yalipochemka akayapooza kwa kumimina huku na huku katika vikombe viwili. Kisha akanyoosha mikono.

"Nipe mmoja."

Nikaruka nyuma. Nikawakumbatia wote wawili.

Mama yule akanishangaa. "Nipe mmoja nikushikie," akasema, "upate mkono wa kupima maziwa yako. Utapimaje ukiwa umewabeba hivyo?"

Nikampa Damari. Nikapima vijiko vinne. Nilikuwa nimeshampa vinne kwa siku tatu, na titi kwanza, kama nesi alivyosema. Damari, alipojiona yuko kwenye mikono ya mgeni na chupa iko mbali, akakunja uso, akalia.

Alilia kwa sauti!

"Mbona unacheka mtoto akilia?" mama akauliza.

Alikataa senti chache nilizompa. Niliomba jina lake, akasema nikipita tena niulize tu kibanda cha chai. Sikupita tena.

Jumamosi jua la mchana likiwa kali niliingia Kalenga kwa miguu, nikitokea Iringa mjini.

Baba yangu, Mzee Liberatus, alikuwa anarekebisha zizi. Tangu niolewe hatukuwa tumesemezana. Yeye ni Mkatoliki wa kupiga magoti kila asubuhi, nami nilimfuata mtu wa dhehebu jingine bila baraka yake. Mama yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hapakuwa na wa kutusuluhisha. Baba alimfukuza Andendekisye kwa maneno ambayo sitayaandika hapa.

"Kamwene, baba," nikamsalimu.

"Kamwene."

Akatazama kifua changu. Akazunguka, akatazama mgongo.

"Wawili?"

"Wawili."

"Mama yako angefurahi," akasema.

Ni hayo tu. Akachukua ndoo, akaenda kumkamua ng'ombe.

Siku zile baba hakuniuliza habari za mume, nami sikumwambia. Tulizungumza habari za ndama na mahindi. Usiku kila mtu alikaa upande wake wa moto. Niliyemkimbilia alikuwa mbele yangu, lakini nilikosa pa kuanzia.

Aliyeingia na kutoka ni Benedicta, jirani mjane, mama mtu mzima. Alimpenda Damari. Alikuja asubuhi kumchukua, akamrudisha akiwa ameoshwa na kupakwa mafuta. Maziwa ya ng'ombe nilimpa Anania. Maziwa ya kopo nikamwekea Damari, vijiko vinne, na mashavu yakaanza kutokeza.

Nikaanza kufikiri kwamba Mungu ameniona.

Alhamisi, jua likiwa utosini, mtu akapiga hodi. Nilimjua kabla hajavua kofia. Jailos! Rafiki wa mume wangu, waliyeondoka naye kwenda migodini.

"Shikamoo, mzee. Shemeji, habari za siku nyingi?"

Baba akamtandikia mkeka. Anania alikuwa amelala hapo hapo mkekani. Damari alikuwa ndani, na Benedicta alikuwa anambembeleza.

"Mkataba umekwisha," Jailos akasema. "Tumerudi. Tulifika Uyole Jumatatu, tukakuta nyumba imefungwa. Tupokigwe akatuambia umekimbilia kwenu na mtoto."

"Andendekisye yuko wapi?"

"Yuko pale dukani, chini ya mteremko. Ameona haya kuingia kwa baba mkwe bila kuombewa njia. Mzee, nimekuja kumwombea."

Baba aliutazama mteremko. Nikashika ukingo wa mkeka.

"Mwanamume aliyetoka Rhodesia mpaka Kalenga kumfuata mkewe," baba akasema, "aje anywe maji."

Nilitaka kumshika baba miguu. Jailos alicheka kwa furaha, akamwinamia Anania.

"Na huyu ndiye yeye! Andendekisye hatuachi tulale kwa ajili ya huyu. Shemeji, zile hela za kila mwezi zilitosha maziwa?"

"Hela gani?"

"Alizomtumia dada yake. Tangu mlipomwandikia kwamba titi moja limekauka. Alisema, mtoto wangu mmoja nitashindwaje kumnunulia maziwa?"

Mtoto wangu mmoja.

Nikayaelewa yote kwa mara moja. Ndugu hawakuchanga chochote. Na barua ile ya kumpa habari ilitaja mtoto mmoja, wa kiume. Tupokigwe hakuja Uyole kunipunguzia mzigo. Alikuja kuifanya barua yake iwe kweli.

Papo hapo Benedicta akatoka ndani na Damari mikononi.

"Huyu ameamka na njaa yake," akasema.

Kicheko cha Jailos kikakatika. Alimtazama Damari. Alimtazama Anania. Kisha, taratibu, akavuta miguu yake kutoka kwenye mkeka.

"Huyu wa pili ni wa nani?"

Akanigeukia mimi.

"Shemeji, niambie si pacha. Unajua habari za mama yake. Kule mgodini mwenzetu mmoja alipata habari kwamba mkewe amezaa pacha. Andendekisye alihama chumba siku hiyo hiyo. Alilala nje. Tuliomba radhi kwa niaba yake. Akisikia ni pacha hatakanyaga hapa, na mimi sitaweza kumshika."

"Ni wa jirani," baba akasema. "Mjukuu wa huyu mama."

Ndugu msomaji, baba yangu aliyepiga magoti kila asubuhi, sikuwahi kumsikia akisema uongo. Benedicta alimkumbatia Damari zaidi.

Mimi ningesema neno moja tu. Wangu. Neno lenyewe halikuwa refu.

Nikanyamaza.

Jailos akapumua. Akaingiza mkono mfukoni, akaweka noti mkekani karibu na mguu wa Anania. "Amesema nikupe kwanza hizi, za maziwa."

Nikazichukua. Na kabla aibu haijanifikia, hesabu ilikuwa imeshanifikia: zingewatosha watoto wote wawili mpaka waote meno.

Jailos akateremka kumwita mwenzake.

"Nimefanya vibaya?" baba akauliza.

"Sijui, baba."

"Amwone kwanza mmoja. Ampende. Akishatulia utamwambia."

"Lini?"

Baba akaokota fimbo yake, akaiweka chini tena.

Benedicta hakungoja kuambiwa. "Nampeleka kwangu," akasema. Nikatayarisha chupa, unga ukamwagika. Nikasawazisha vijiko vinne kwa kisu.

"Ukimtengenezea nyingine usipunguze," nikamwambia.

"Mwanangu, sitapunguza."

Alipita njia ya nyuma. Anania akageuza kichwa upande mmoja, akageuza upande wa pili.

Andendekisye aliingia amevua viatu. Alikuwa amekonda, nywele zimeanza kuingia mvi pembeni. Alipiga magoti mbele ya baba, akakaa hivyo mpaka baba alipomshika bega.

Nilikuwa nimejitayarisha kumkuta mtu mkali. Ingekuwa rahisi zaidi.

"Nisamehe, Lusia," akasema. "Nilikuacha peke yako. Nilidhani ndugu zangu wako nawe."

Akampakata Anania kwa woga, kama wanaume wanavyopakata mtoto wa kwanza. Akafungua sanduku. Palikuwa na sweta moja ya sufu. Palikuwa na kofia moja. Palikuwa na makopo manne ya maziwa, aliyoyanunua Iringa asubuhi ile.

"Nilimuuliza mwenye duka," akasema, "mtoto wa umri wake anatumia ngapi. Akaniambia. Nikaongeza."

Akamvika Anania sweta. Akamgeuza atutazame. Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima, nami nilikuwa nimekaa karibu naye, goti kwa goti, mpweke kuliko siku zote za Uyole.

Ndipo kutoka nyumba ya Benedicta Damari akalia.

Hakuwa tena yule wa kliniki. Alikuwa na nguvu sasa. Nguvu zile zilikuwa vijiko vyangu vinne, na zote alizitoa kwa pamoja.

"Huyo naye ana sauti!" Andendekisye akacheka. "Wa nani?"

"Wa jirani," baba akasema. Mara ya pili ilimtoka kwa shida.

Kilio hakikukoma. Nilikalia mikono yangu.

"Mama yake hayupo?" Andendekisye akauliza.

Jailos alikuwa anakunywa togwa. Baba alinitazama mimi.

"Basi ana njaa," mume wangu akasema. "Makopo manne kwa mtoto mmoja ni mengi. Siwezi kukaa hapa na maziwa tele, nasikia mtoto wa watu analia."

Akamweka Anania mikononi mwa baba yangu. Akachukua kopo moja, akasimama.

"Twende, Lusia, ukawaonyeshe namna ya kupima."

Kuna jambo moja ambalo sijawaambia tangu nianze kusimulia mkasa huu. Anania alichukua sura yangu. Damari alichukua ya baba yake: paji lile pana, masikio yale, hata kile kidoti cheusi chini ya jicho la kushoto. Mtu yeyote angewaweka baba na binti pamoja, hangeuliza.

"Ngoja," nikasema.

Hakunisikia. Kilio kilikuwa kikubwa. Alikuwa ameshashika njia ya kwa Benedicta, kopo kwapani, akatangulia.